Mota ndogo usiifunge moja kwa moja kwenye pini

Vijana wanaojifunza elektroniki hapa Chake Chake huniletea saketi za namna moja: Arduino Uno (ubao mdogo wa elektroniki unaoendeshwa kwa programu), nyaya mbili na mota iliyofunguliwa kwenye deki bovu. Waya mmoja uko kwenye pini, mwingine kwenye graundi, yaani upande wa hasi. Kwa kuwa taa ya LED iliwaka vizuri kwenye pini hiyo, wanatarajia na mota izunguke. Haizunguki, au inajikongoja kidogo kisha ubao unajizima na kuanza upya.

Pini ya Uno ni ya kazi ya miliampia 20 hivi, na 40 ndiyo kikomo chake. Mota hutaka zaidi ya hapo, na inapoanza kuzunguka au ikikwama hula mara kadhaa zaidi. Basi pini itoe amri tu, umeme wa mota utoke kwenye betri, na katikati ikae mosfeti, swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu.

Mimi hutumia IRLZ44N. Iangalie vizuri ile herufi L: ndiyo inayoonyesha kuwa volti 5 za pini zinatosha kuifungua, yaani kupitisha umeme. IRF540N ina umbo lile lile, lakini imetengenezwa ifunguliwe kwa volti 10 kwenye geti, mguu unaopokea amri. Kwa volti 5 za pini huna uhakika nayo, na ikifunguka nusu inapata moto bure.

Ikabili IRLZ44N upande wenye maandishi, miguu ikitazama chini: kushoto geti, kati dreni, kulia sosi. Sosi iende graundi. Mota ikae kati ya chanya ya betri na dreni. Kutoka pini hadi geti weka rezista ya ohm 220, na kutoka geti hadi graundi weka ya kiloohm 10. Hii ya pili wengi huiruka, nami huisisitiza sana kwetu huku ambako umeme hukatika na kurudi. Arduino inapowaka, kwa kitambo kidogo pini zake hazijapata amri yoyote. Geti likiachwa linaelea, mota, tuseme ya pampu ya maji, yaweza kujiwasha yenyewe.

Graundi ya betri na graundi ya Arduino ziungane. Bila hivyo geti halipati amri hata programu iwe sahihi vipi.

Sasa dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hapa naomba usifanye ubahili. Umeme unapokatwa, sumaku iliyomo ndani ya koili za mota inaporomoka na kusukuma volti nyingi kuliko za betri yenyewe. Zisipopata njia zinapita kwenye mosfeti na kuiua, pengine si siku ya kwanza. 1N4007 moja inatosha kwa kuwasha na kuzima: ifunge sambamba na mota, ule mstari mweupe uelekee chanya. Ukiigeuza, mosfeti ikifunguka tu umepiga shoti. Kama unataka kupunguza kasi kwa kuwasha na kuzima harakaharaka, tumia 1N5819, maana 4007 ni nzito kufunga.

Maungio yalehemu, hasa kama pampu inamwagilia kitalu karibu na ufukwe. Chumvi huzila nyaya zilizosokotwa tu kwa mkono.

Kabla ya kuandika programu, chomoa ule waya wenye rezista ya 220 kwenye pini, uuguse kwenye volti 5: mota izunguke. Uguse kwenye graundi: isimame. Ikikubali hivyo na baadaye ikagoma, katafute kosa kwenye programu, saketi usiiguse.