Pampu ya petroli ya gari la zamani: pima kwanza, hela itume baadaye

Ukiwa Mtwara au Lindi na gari la kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), iwe Land Rover 109, Peugeot 504 au Volkswagen ya mgongo wa kobe, pampu utaiagiza Kariakoo na itakuja kwa basi. Ikija isiyo yenyewe, unalipa nauli ya kuirudisha na ya kuletewa nyingine, ukibahatika kukubaliwa kurudisha. Kwa hiyo usiagize kwa jina la gari tu. Land Rover nyingi zimeshabadilishwa injini, na muuza spea atakupa ya jina ulilotaja.

Hakikisha kwanza kama pampu ndiyo mbovu. Chomoa waya wa koili, toa hozi inayoingia kwenye kabureta, ichomeke kwenye chupa, kisha mtu apige stata. Pampu nzima hutema kwa mikupuo yenye nguvu, mmoja kila injini inapozunguka mara mbili. Ikitema kidogo, usiihukumu bado: fungua mfuniko wa tanki ujaribu tena. Ikipona hapo, ni tundu la hewa la tanki limeziba. Angalia na hozi ya kutoka tankini. Ikiwa na ufa pampu hunyonya hewa, wala chini huoni tone. Halafu nusa stiki ya oili. Ikinuka petroli, mara nyingi daiframu, yaani utando wa ndani ya pampu unaosukuma mafuta, imechanika na mafuta yanashukia kwenye oili. Usiendeshe gari mpaka umebadilisha daiframu na oili.

Sasa fungua pampu, ipige picha pande zote ikiwa pembeni ya rula. Muuzaji anahitaji kujua: umbali wa katikati ya tundu moja la bolti hadi la pili, urefu na mkunjo wa mkono unaosukumwa na kamshafti (shafti yenye nundu ndani ya injini), unene wa bomba, na idadi ya mabomba. Matatu maana yake moja linarudisha mafuta tankini, kama kwenye Land Cruiser nyingi za injini ya 2F. Volkswagen ina mtego wake: pampu ya injini yenye dainamo hutumia fimbo ya kuisukuma ya milimita 108, ya oltaneta milimita 100. Ukichanganya, ama inasukuma kidogo ama unavunja pampu.

Kile kipande kinene cheusi kati ya pampu na injini si uchafu wa kutupwa. Kinazuia joto, na unene wake ndio unaopanga mkono uingie kiasi gani. Ukikiacha, mkono unabanwa kupita kiasi. Ukiongeza gasketi nyingi, msukumo unapungua. Wakati wa kufunga, zungusha injini mpaka mkono ulegee, ndipo ukaze bolti mbili kwa zamu. Zikigoma kushika kwa vidole, simama. Kuvuta kwa spana ndiko kunakovunja mikono ya pampu.

Pampu kuukuu yenye bodi isiyopasuka mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei chee. Tafuta seti ya vipuri vyake, yenye daiframu na valvu. Daiframu ya kukata kwenye tyubu ya baiskeli isahau: petroli huilainisha, ikavimba. Unapokaza skrubu za juu, mkono uwe umebanwa mpaka mwisho, la sivyo daiframu itakuwa imevutika na haitadumu.

Pampu ya umeme inafaa ikiwa ile inayosukumwa na injini haipatikani, lakini iwe ya kabureta, presha ya PSI 2 hadi 5. Zile za magari yanayopuliza petroli kwa sindano (EFI) mara nyingi husukuma PSI 35 na zaidi; sindano ya kielea ndani ya kabureta haiwezi kuzizuia, petroli itafurika juu ya injini yenye moto. Ifunge karibu na tanki, chini, kwa sababu inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Weka filta kabla yake, fyuzi, na swichi ya presha ya oili ili ikate umeme wa pampu injini ikizima. Tundu la pampu ya zamani lizibe kwa bati nene na gasketi. Kwa chumvi ya hewa ya pwani, mahali unapofungwa waya wa ethi pakwanguliwe hadi chuma cheupe na kupakwa grisi.

Lipime kwenye mlima wa kupanda Newala likiwa na mzigo, maana huku tambarare hata pampu dhaifu hujificha. Ukifika juu, angalia maungio yote, kisha nusa tena ile stiki.