Tundu la kwenye choroko ni la kutokea

Wateja wangu wengi hapa Igoma wana namna moja ya kukagua choroko. Wanachota kiganjani, wanageuzageuza, wakiona tundu wanarudisha, wasipoliona wanasema, "Nipimie sado mbili." Si vibaya, ila tundu lile ni mlango wa kutokea. Fukusi aliyelitoboa ameshakula, ameshakua na ameshaondoka zake. Wa kuogopwa ni yule aliye bado ndani ya punje nzima, ambaye utakutana naye jikoni wiki tatu baadaye.

Fukusi jike wa choroko, kunde na dengu hatoboi punje. Analigandisha yai juu yake na kwenda zake. Buu akianguliwa anachimba kuanzia chini ya yai lenyewe, anazama moja kwa moja ndani, na ungaunga anaousaga anausukuma nyuma mpaka ganda la yai linajaa na kuwa jeupe. Washa tochi ya simu uangalie vizuri: ukiona kidoa cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini, kilichong'ang'ania punje, jua buu yuko ndani tayari. Yai bichi halina weupe huo, na ni vigumu kuliona. Akikaribia kukomaa, buu hula mpaka karibu na ganda, akaacha utando mwembamba tu. Hapo utaona kiduara chenye weusi kwa mbali. Punje hiyo haina tundu, na muuzaji atakuapia kwamba mzigo ni msafi. Wala hakudanganyi, hajui tu.

Kwa joto la huku kwetu, kutoka yai hadi mdudu kamili ni kama wiki tatu au nne. Fukusi mzima wala halazimiki kula. Anaishi siku chache, anapandana, anataga na kufa, na jike mmoja anaweza kutaga mayai yanayokaribia mia. Piga hesabu ya gunia lililokaa stoo kuanzia mavuno mpaka Krismasi.

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani kuna fukusi wa matunda ya mwaloni, mwenye mdomo mrefu wa kutobolea. Buu wake akishiba, na tunda likishaanguka, hutoboa akatoka na kujichimbia ardhini, akae humo mwaka mmoja au zaidi. Ukiweka matunda hayo bakulini utakuta mabuu wanatambaa chini, lakini hawaingii kwenye matunda mengine. Heri yao! Wetu akitoka anataga kwenye punje ya jirani, mle mle guniani. Ndiyo maana kuchambua zenye matundu na kutupa hakutoshi hata kidogo.

Kwa hiyo nikienda kununua dengu upande wa Kwimba au Misungwi, kabla ya bei nauliza, "Mayu, hizi mmevuna lini, na zimelala wapi?" Fukusi huanza kutaga shambani, kwenye maganda yanayokauka. Zao lililochelewa kuvunwa, au lililorundikwa na la mwaka jana, linakuja na wageni wake.

Mzigo ukifika unaanikwa. Mwanza tuna mawe ya kutosha, lakini kuanika wazi juu ya jiwe kunakausha tu. Wadudu wazima wanaruka, mabuu wanabaki. Mimi natandika turubai jeusi, namwaga dengu safu nyembamba, nafunika kwa nailoni angavu na kubana kingo kwa mawe, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane. Nyuzi joto 57 kwa saa moja zinatosha kuua yai, buu na mdudu mzima, na chini ya nailoni jua la kiangazi linazifikisha. Za mbegu siziweki humo.

Zikipoa naziingiza kwenye mfuko wa tabaka tatu, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Unafunga kila tabaka peke yake, unakunja shingo na kukaza. Wadudu waliobaki wanaimaliza hewa wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Masharti ni mawili: usiufungue kila wiki kuchungulia, na usiweke zao bichi, litaota ukungu. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani. Wa kilo chache nyumbani, chupa au dumu lililojazwa mpaka shingoni na kufungwa kisawasawa linatosha. Au pakaza mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, yanaua mayai.

Maharage yana fukusi wake mwingine. Huyu hatagi kwa kugandisha. Mayai yanalala ovyo katikati ya punje, na buu mchanga huhitaji muda wa kujibana kati ya punje mbili ndipo aweze kutoboa. Kulibingirisha dumu asubuhi na jioni kunamvuruga kila anapoanza. Nashangaa watu wanavyoidharau njia hii, na ni ya bure.

Karanga ni habari nyingine kabisa. Hifadhi na maganda yake, na zilizoota ukungu au kubadilika rangi usikaange wala usisage, kwa sababu sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Vidonge vya kufukizia sivitaki ndani ya nyumba wanamolala watu, hata mtu akiniambia jirani yake anavitumia kila msimu. Gesi yake inaua binadamu kama inavyoua fukusi.

Na choroko zilizokwisha kuingiliwa kidogo? Zimwage kwenye beseni la maji, ukoroge. Nyingi zilizoliwa ndani zitaelea. Mimi nazikusanya na chujio nawapa kuku, zilizozama naziweka jikoni siku hiyo hiyo.