Re: Mtu mzima anaweza kujifunza kuchora, au ni kipaji tu?

Mkuu, inawezekana kabisa, ila usianze na sura za watu. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa: jicho likisogea kidogo tu, umeshamchora mtu mwingine.

Kwa kuwa uko Moshi, anza na Mlima Kilimanjaro. Toka asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaufunika, na penseli laini (ya 2B) na daftari lisilo na mistari. Wengi wetu tunachora pembetatu yenye kofia nyeupe, yaani ule mlima tuliokariri shuleni. Hebu utazame: Kibo (mita 5,895) juu ni bapa, na kulia kwake Mawenzi (mita 5,149) imechongoka kama meno yaliyovunjika. Chora kwanza umbo la anga lililo kati ya vilele hivyo viwili. Ukilipata hilo, milima yenyewe inajileta. Kivuli baadaye.

Rangi usinunue sasa hivi, utamaliza hela bure. Edward Tingatinga mwenyewe, yule mchoraji wetu maarufu, alitumia rangi za kupakia baiskeli.

Mimi ninachotamani ni gitaa, lakini majirani zangu hapa Majengo wamegoma. Ukimaliza tupia picha tuone.