Nilijifungua njiti, je ultrasaundi inaweza kunionya mapema safari hii?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 29, mwaka juzi chupa ilipasuka usiku nimelala, mimba ya wiki 27, hata uchungu sikuwa nao, mtoto akakaa siku nne akafariki. Sasa nina mimba ya wiki 15. Juzi nimefanya ultrasaundi wakasema mtoto mzima, moyo unadunda vizuri, nikauliza je safari hii nitafikisha miezi tisa, nikajibiwa hilo Mungu ndo anajua. Kweli hamna kipimo? Mawifi zangu wanataka nilale tu kitandani mpaka nijifungue. Msomaji wa Morogoro, jina tumelihifadhi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mtoto wa siku nne ni mtoto, usikubali mtu akwambie usahau.

Kipimo kipo na umeuliza mapema, hilo limenifurahisha sana. Ile ultrasaundi ya juzi ilimwangalia mtoto, mlango wa kizazi haukupimwa, na wewe kinachotakiwa kupimwa ni urefu wa huo mlango. Kawaida katikati ya mimba unakuwa kama milimita 35, ni kama kile kipande cha juu cha kidole gumba chako, sasa ukikutwa 25 au chini kabla ya wiki 24 hapo hatari ya kujifungua njiti inapanda, na kadiri unavyozidi kuwa mfupi ndo hatari inazidi.

Unapimwa kwa kifimbo chembamba cha ultrasaundi kilichovalishwa kondomu na kupakwa jeli, kinaingizwa ukeni, hakiumizi na hakimgusi mtoto. Nenda ukiwa umeshakojoa, maana kibofu kikijaa kinaukandamiza mlango unaonekana mrefu kuliko ulivyo, mnadanganyika wote. Mwambie anayepima akuoneshe kwenye skrini, mlango uliofunga vizuri unaona kamstari tu, ukianza kufunguka kwa ndani unaona kitu kama herufi V, ukiendelea zaidi inakuwa U. Halafu usitoke bila namba, iandikwe kwenye kadi kwa milimita, "mlango uko sawa" peke yake haitoshi kwa mtu mwenye historia kama yako.

Wewe anza wiki ya 16, yani wiki ijayo, urudie kila baada ya wiki mbili mpaka 24. Hospitali nyingi ndogo hawakifanyi, kwa hiyo omba rufaa kwa daktari wa akina mama, sisitiza, wakikuzungusha rudi tena.

Ukikutwa mfupi usikate tamaa, wapo wengi wenye mlango mfupi wanaofikisha miezi tisa. Na tiba ipo. Kuna projesteroni, homoni inayosaidia kutunza mimba, ya kuweka ukeni kila usiku, utafiti wa timu ya Profesa Kypros Nicolaides wa London uliotoka 2007 ulichukua wanawake wenye mlango wa milimita 15 kushuka chini, waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani karibu 34 kwa kila 100 walijifungua kabla ya wiki 34, waliopewa projesteroni ni 19. Na kwa aliyewahi kupata njiti kama wewe, daktari anaweza kuushona mlango, kazi ambayo Dk. Shirodkar wa Bombay aliieleza tangu 1955, uzi unatolewa karibu na wiki ya 37.

Kulala kitandani miezi yote hapana, waambie mawifi kwa upole kwamba haijaonekana kuzuia njiti na damu inaweza kuganda miguuni. Tembea, fanya kazi nyepesi.

Ila ukiona maji, damu, au tumbo na kiuno vinabana vinaachia, usisubiri asubuhi hata kama ultrasaundi ya jana ilikuwa nzuri, nenda usiku huohuo, mapema wakikuwahi kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Ukishapima niandikie hiyo namba.