Taji Lilimkuta Kazini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama taji la urembo humpa msichana kazi ya kudumu au humwachia picha za ukutani tu, na mfano mliotoa ni Pia Wurtzbach wa Ufilipino, Miss Universe wa mwaka 2015. Kwa kuwa mmemtaja yeye, siwezi kunyamaza. Ila ningependa kwanza lijibiwe swali ambalo hamkuliuliza: Pia alikuwa akifanya kazi gani kabla ya taji, na ni nani waliokuwa wakila kwa jasho lake?

Msimamo wangu ni kwamba taji halimpi mtu kazi. Miss Universe ni kampuni, na mshindi ni mwajiriwa wake kwa muda wa mwaka mmoja hivi: anapewa mshahara, makazi na ratiba ya safari, kisha anamvika mwingine taji na kuondoka. Wurtzbach alilivaa tangu Desemba 2015 hadi Januari 2017, alipomkabidhi Iris Mittenaere wa Ufaransa kwao Manila. Mtu asiyekuwa na ujuzi mwingine mkononi, siku hiyo ya makabidhiano ndiyo siku anayoachishwa kazi.

Wurtzbach ujuzi alikuwa nao. Alizaliwa Stuttgart mwaka 1989, baba Mjerumani na mama Mfilipino, akalelewa Cagayan de Oro, kisiwani Mindanao. Wazazi walipotengana, alianza kutafuta riziki angali mtoto, katika matangazo ya biashara na michezo ya televisheni, akijulikana kwa jina la Pia Romero, na fedha yake ndiyo iliyomlisha mama yake na mdogo wake. Hakuwahi kuwa nyota mkubwa. Alipoona uigizaji unasuasua alisomea upishi, akashika na kazi za mitindo na vipodozi ili mkono uende kinywani. Ndipo akaingia Binibining Pilipinas, shindano la taifa. Mwaka 2013 aliishia kuwa mshindi wa pili, mwaka 2014 akatoka mikono mitupu, na mwaka 2015, umri ukiwa unamwishia, akapata tiketi ya kwenda Las Vegas. Katikati ya miaka hiyo alikuwa akifundwa katika kambi ya Aces & Queens, maana Ufilipino kuna kambi kamili ambamo wasichana hufundishwa kutembea juu ya visigino virefu na kujibu swali zito ndani ya sekunde chache.

Mwaka huo nilikuwa nikifanya kazi katika hoteli moja ya Dubai, na wasomaji wenu wa Mombasa na Tanga waliopitia Ghuba hawahitaji kuelezwa chumba cha vitanda vya kupangisha mtaa wa Karama kinafananaje. Wenzangu wengi chumbani walikuwa wanawake wa Kifilipino. Kwa saa za Dubai shindano lilianza saa kumi alfajiri ya Jumatatu, Desemba 21, na tukajibanza vitandani mbele ya kompyuta moja ndogo iliyowekwa juu ya sanduku la nguo, huku wenye zamu ya asubuhi wakiwa wameshavaa sare. Niliwaambia kwamba sioni fahari ya wanawake kupangwa mstari na kupewa alama. Hawakubishana nami. Dada mmoja wa makamo, mzaliwa wa Cagayan de Oro, ambaye wote tulimwita Ate kwa heshima ya ukubwa wake, alinijibu tu kwamba yeye hatazami mstari, anatazama mtoto wa mjini kwao aliyeilisha nyumba yake.

Waliobaki walipokuwa watano, Pia aliulizwa kama Marekani iwe na jeshi lake Ufilipino. Fikirini mtu anaulizwa hayo jukwaani Marekani kwenyewe, wakati Seneti ya nchi yake ilizikataa kambi za Marekani mwaka 1991 kwa kura 12 dhidi ya 11, na mkataba mpya wa mwaka 2014 wa kuwarudisha askari ulikuwa bado unapingwa mahakamani. Alijibu kwamba nchi hizo mbili zina uhusiano mwema, kwamba Wamarekani waliwahi kuwatawala na utamaduni wao umebaki, na kwamba haoni tatizo lolote. Mkenya anayezijua habari za Nanyuki, penye kambi ya jeshi la Uingereza, ataelewa kwa nini jibu hilo lilinichoma. Chumbani nako walinuna wawili watatu, na baadaye wanaharakati wa kwao walimsema hadharani. Mpaka leo naona lilikuwa jibu la mtu anayelinda nafasi yake, ijapokuwa najua pia kwamba swali lenyewe halikuwa la haki.

Kisha wakabaki watatu, na wote wakaulizwa kwa nini wanastahili taji, naye akasema angeitumia sauti yake kuhamasisha vijana, hasa kuhusu VVU, kwa sababu ndilo jambo linaloihusu nchi yake wakati huo. Tulisikia wote, lakini hakuna aliyelitia maanani, kwa kuwa kila mshiriki huwa na jambo jema la kutaja.

Kilichofuata dunia nzima inakijua. Steve Harvey, mtangazaji wa shindano, alimtaja Ariadna Gutiérrez wa Kolombia kuwa mshindi, bendera zikapepea, Paulina Vega, aliyekuwa akishikilia taji, akamvika Mkolombia mwenzake. Chumbani kwetu palikuwa kimya. Walikuwa wamesubiri tangu Mfilipino mwenzao Margarita Moran aliposhinda mjini Athens mwaka 1973, miaka 42, na mwaka 2012 Janine Tugonon alikuwa ameukosa ushindi kwa nafasi moja tu. Msichana mmoja aliinuka, akachomeka pasi na kuanza kunyoosha sare yake bila neno. Mwingine alisema kwamba hata hivyo Pia amewafikisha mbali. Ate alibaki palepale akitazama jinsi Pia alivyosimama pembeni akimpigia makofi mwenzake, akaniambia hivyo ndivyo mtu anavyosimama aliyezoea kukosa. Dakika chache baadaye Harvey alirudi jukwaani, akaomba radhi kwa kukosea, akaonyesha kadi iliyomtaja Pia kuwa mshindi. Pia alionekana kama anayeuliza kama ni yeye, akasogea mbele akiwa na gauni lake la buluu, uso ukiwa umejaa mshangao kuliko furaha. Chumba kililipuka kwa vigelegele hata jirani Mhindi akagonga ukuta, na pasi iliunguza kola ya sare. Nakumbuka hata harufu ya kola ile. Ate hakupiga kelele. Alimpigia mama yake simu Mindanao, wakazungumza kwa lugha yao, kisha akaoga, akaenda zamu yake ya kutandika vitanda kama kawaida.

Najua nimekaa mno kwenye asubuhi hiyo, lakini ndiyo iliyonionyesha nilichokuwa sikioni kwenye mabango. Wale wanawake hawakushangilia sura, kwa sababu sura nzuri ziko nyingi kwao. Walimshangilia mtu wa kazi kama wao, anayetuma fedha nyumbani, aliyekosa mara mbili mbele ya taifa zima na akarudi. Taji halikumwanzishia Pia kazi. Lilimkuta kazini, likampandisha cheo.

Na hapa nalazimika kuulegeza msimamo niliouanza nao. Lile la VVU lililopita masikioni mwetu bila uzito, alilifanya kweli. Alipimwa hadharani ili vijana waone kwamba kupima si aibu, na mwaka 2017 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, ikamteua Balozi Mwema wa Asia na Pasifiki. Mwaka huo huo shirika hilo lilitangaza kwamba maambukizi mapya Ufilipino yalikuwa yamepanda kutoka takriban 4,300 mwaka 2010 hadi takriban 10,500 mwaka 2016, kasi kubwa kuliko ya nchi nyingine za eneo hilo, na wengi walikuwa vijana. Wakati huo kijana wa chini ya miaka 18 hakuweza kupimwa bila idhini ya mzazi. Desemba 2018 ilitiwa saini sheria mpya iliyoshusha umri huo hadi miaka 15. Sisemi kwamba Pia ndiye aliyeileta, kwa maana walioipigania miaka mingi ni madaktari, wanaharakati na watu wanaoishi na virusi. Ninachosema ni kwamba mwigizaji wa kawaida aitwaye Pia Romero asingesikilizwa hata kidogo juu ya jambo ambalo katika nchi ya Kikatoliki kama ile familia nyingi haziligusi mezani. Sauti hiyo aliipewa na taji, na hilo siwezi kulikana.

Baada ya hapo amerudi kwenye filamu, amekuwa uso wa matangazo na mgeni wa wiki za mitindo za Ulaya, na mwaka 2023 akatoa riwaya. Ni kazi ya kudumu kwa kipimo chochote. Gloria Diaz, aliyeshinda mwaka 1969, naye aliigiza kwa miongo mingi, na Moran akaja kuongoza kundi la dansi la Ballet Philippines. Lakini hao ni washindi. Hatuhesabu mamia wanaotoka kambini kila mwaka bila cheo, na madeni ya magauni.

Kwa hiyo, binti wa dada yangu, ambaye mwenyewe amekwisha kuniuliza, nitamwambia aende, jambo ambalo nilipoanza kuandika barua hii sikudhani ningelisema. Aende akiwa na kazi nyingine ya kurudia, na mkataba asomewe na mwanasheria kabla hajatia saini. Jambo moja bado linanitia wasiwasi: Pia alikuwa akikimbizana na umri, naye alijua mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Tangu shindano la mwaka 2024 Miss Universe imeondoa ukomo wa miaka 28, na wengi wameusifu uamuzi huo kwa haki kabisa. Lakini ina maana kwamba hakuna tena sheria ya kumwambia msichana basi, na kwa binti yetu sheria hiyo nitaiweka mimi.

Msomaji wenu,
Mombasa