Gunzi Hunywa: Ninavyotunza Kiko cha Gunzi Kisiharibu Ladha ya Tumbaku

Miezi mitatu baada ya kununua kiko changu cha kwanza cha gunzi la mahindi, tumbaku ileile iliyokuwa tamu ilianza kuwa chungu. Mavuto ya mwanzo yalikuwa mazuri, ila ikifika nusu ya bakuli ulimi ulijaa uchungu wa masizi, na maji meusi yalipanda hadi mdomoni. Nilibadilisha tumbaku mara tatu nikidhani ndiyo mbaya. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye kiko, na nilikuwa nimelisababisha mwenyewe kwa namna nilivyokuwa nakisafisha.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea. Tumbaku inadhuru, na kiko hakiipunguzii madhara yake. Asiyevuta asianze kwa sababu yangu. Haya ni kwa mtu ambaye tayari ana kiko cha gunzi na anaona kinamharibikia mikononi bila kujua kwa nini.

Naishi St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Ukifuata mto Missouri kuelekea magharibi kwa kama kilomita 80 unafika mji mdogo unaoitwa Washington, na hapo ndipo viko hivi vinapotengenezwa mpaka leo. Mwaka 1869 mchonga mbao mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, alianza kuchonga viko vya magunzi kwa mashine yake ya kukerezea. Mwaka 1878 alipata hataza ya njia ya kupaka plasta kwenye gunzi ili vitundu vyake vizibe na uso wake uwe laini. Kiwanda kilichotokana na kazi yake kinaitwa Missouri Meerschaum. Meerschaum ni jiwe jepesi linalochongwa viko vya bei kubwa, na jina hilo lilikuwa na maana ya kwamba gunzi nalo linavuta moshi wa baridi na mkavu kama jiwe lile.

Kwetu Namtumbo, kusini mwa Tanzania, gunzi ni la kuwashia moto. Ukishapukuchua mahindi unayarundika magunzi nyuma ya jiko, na hakuna anayeyahesabu. Nilipoingia duka la kiwanda kile nikakuta magunzi yamepangwa kwenye kabati la kioo, nilisimama pale muda mrefu. Mahindi yao ni ya mbegu iliyozalishwa makusudi ili gunzi liwe nene na gumu, kisha magunzi hukaushwa kwa takriban miaka miwili kabla ya kuchongwa. Hata hivyo linabaki kuwa gunzi. Lidondoshee tone la maji, halafu hesabu mpaka kumi, utaona tone limetoweka. Gunzi hunywa, na hapo ndipo ulipo utamu wake wote, na ndipo yalipo matatizo yake yote.

Moshi wa tumbaku una maji mengi. Kwenye kiko cha mti mgumu sehemu kubwa ya maji hayo hukaa juu ya mti, nawe unayafuta. Gunzi huyanywa. Ndiyo maana kiko cha gunzi kipya huvutika vizuri tangu siku ya kwanza, hakihitaji kuzoeshwa kwa wiki kadhaa kama vile vya mti. Ila kilichonywewa lazima kitoke. Ukiwasha tena gunzi likiwa bado na maji ya jana, joto linayachemsha yale maji pamoja na lami iliyomo, na hiyo ndiyo ladha unayoionja.

Kwa sehemu za kiko nitatumia majina ya viko vya zamani vya pwani, maana yanatosha kabisa. Bakuli ni pale tumbaku inapokaa. Digali ni kijiti kinachotoka kwenye bakuli. Shilamu ni kipande cha kutia mdomoni. Katika kiko cha maji, digali lilishuka kutoka bakulini hadi kwenye kifuu cha nazi chenye maji, na mlio wa maji yale yakibubujika mtu anapovuta uliitwa malio. Kwenye kiko kile malio yalikuwa ndiyo raha yenyewe. Kwenye kiko cha gunzi ukisikia malio ujue maji yamejaa ndani ya digali, na ladha imeshaanza kuondoka.

Sasa nieleze nilivyoharibu kiko cha kwanza. Nilisoma mahali kuwa kiko kichungu hutibiwa kwa kujaza bakuli chumvi, kisha kumimina pombe kali juu yake na kukiacha usiku kucha, ili chumvi ivute uchafu. Kwa kiko cha mti njia hiyo ipo na watu wanaitumia. Nikaifanya kwenye gunzi. Asubuhi chumvi ilikuwa ya kahawia kweli, nikafurahi. Lakini bakuli lilikuwa limevimba, digali limelegea kiasi cha kuzunguka ukiligusa, na nilipokivuta siku tatu baadaye kilitoa ladha ya chumvi na pombe ambayo haikutoka tena. Usimimine kimiminika chochote kwenye bakuli la gunzi. Si pombe, si maji, si siki. Hata kulisuuza haraka haraka bombani, usifanye.

Usafi unaofaa unafanyika katika nusu saa ya kwanza baada ya kuvuta. Ukikizingatia kipindi hicho, usafi mkubwa utauhitaji mara chache sana.

Tumbaku ikiisha, napitisha waya wa manyoya (ule uliosokotwa na pamba, wa kusafishia viko) kutoka kwenye mdomo wa shilamu hadi uguse bakuli. Shilamu siichomoi kiko kikiwa cha moto. Digali huwa limepanuka kwa joto, na ukilazimisha linapasuka, au ukirudisha shilamu unaikuta inacheza. Waya wa kwanza unatoka mweusi na umelowa, napitisha wa pili, wakati mwingine wa tatu, mpaka utoke mkavu. Babu yangu alitumia unyoya mrefu wa bawa la jogoo kwa kazi hiyohiyo kwenye mtemba wake, na mpaka leo ni kifaa kizuri pale ambapo waya haupatikani. Usinunue tu zile waya za rangi za kuchezea watoto shuleni. Nyuzi zake ni za plastiki, hazinyonyi maji.

Kisha namwaga majivu, nasokota kipande cha karatasi laini ya jikoni na kukizungusha ndani ya bakuli likiwa bado na uvuguvugu. Inaondoka ile rojo ya lami iliyo juu, na unabaki utando mwembamba wa masizi. Karatasi naiacha humo. Kiko kikipoa kabisa, kama saa moja baadaye, ndipo natenganisha shilamu, natupa karatasi na kukisimamisha mdomo wa bakuli ukitazama juu, mahali penye hewa. Sikitii kwenye mfuko wa nailoni wala kwenye kabati lililofungwa. Nilimwona rafiki yangu mmoja akitoa chake kwenye mfuko wa plastiki baada ya safari, kimeota ukungu wa kijani ndani, na kiko chenye ukungu ni cha kutupa.

Wengi huuliza kuhusu chujio la karatasi linalokuja na viko hivi. Mimi situmii, naona linazuia moshi. Anayelitumia alitoe mara tu anapomaliza kuvuta na kulitupa. Chujio lililolowa likilala ndani ya digali, ni sawa na kuacha kitambaa cha jikoni kibichi ndani ya sufuria.

Halafu kipumzike. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawapendi kuisikia, hasa mwenye kiko kimoja. Saa 24 ndicho kipimo changu cha chini kabisa, na majira ya joto ya huku, ambapo hewa ina unyevunyevu mwingi kama wa Dar es Salaam mwezi wa Machi, nakipa siku mbili. Bei ya viko vya gunzi ni ndogo ukilinganisha na vya mti, kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu anayevuta kila siku ni huu: badala ya kutafuta dawa ya kusafishia, nunua cha pili na cha tatu, uvipishanishe. Mimi nilipoanza kufanya hivyo uchungu ulipungua ndani ya wiki moja, kabla sijabadilisha kitu kingine chochote.

Tuje kwenye ukoko. Nauita ukoko kwa sababu unafanana na ule wa chini ya sufuria ya wali: tabaka la masizi magumu linalojijenga kwenye kuta za bakuli. Wenye viko vya mti huupenda, huuacha ufikie unene wa sarafu ili ulinde mti usiungue. Kwenye gunzi acha utando tu, mwembamba kama karatasi ngumu. Ukizidi hapo unafunika gunzi, nalo linashindwa kunywa, halafu unajiuliza kwa nini kiko kimeanza kutoa malio. Ila usiukwangue kwa kisu. Ukuta wa gunzi ni laini, na nilikwangua kimoja upande mmoja mpaka pakawa pembamba, pakaungua hadi nje. Karatasi iliyosokotwa inatosha ukiitumia kila mara. Ukoko ukishakuwa mnene, tumia ncha ya kijiko kidogo, taratibu, kiko kikiwa kikavu kabisa.

Kuna jambo la chini ya bakuli ambalo nilichelewa kulijua. Kwenye viko vingi vya gunzi digali linatokeza ndani ya bakuli kidogo, ukichungulia unaona ncha ya mti. Mara chache za mwanzo ncha hiyo huungua na kutoa ladha ya kuni. Usihangaike nayo, itaisha yenyewe. Tatizo ni kwamba tundu la moshi mara nyingine liko juu ya sakafu ya bakuli, na tumbaku iliyo chini yake haiungui vizuri, inabaki pale inalowa. Hicho kidimbwi kidogo ndicho kilichokuwa kinanipa uchungu wa mwishoni. Dawa yake ni udongo wa majivu: chukua majivu laini ya sigara kubwa au ya kiko, yachanganye na matone machache ya maji mpaka yawe kama udongo wa kufinyangia, ingiza waya kwenye digali ili tundu lisizibe, kisha sindilia udongo huo chini ya bakuli mpaka usawa wa tundu. Acha siku mbili ukauke. Hakuna kazi nyingine niliyofanya kwenye kiko ikabadilisha ladha kiasi hicho. Pia unalinda sakafu isiungue, na gunzi nyingi hufa kwa kuungua hapo.

Digali lenyewe mara moja kwa mwezi nalipa pombe. Nachovya ncha ya waya, naukamua, napitisha ndani ya digali tu bila kugusa bakuli, kisha waya mkavu mara mbili. Pombe iwe kali na isiyo na sukari wala ladha. Konyagi ina kilevi asilimia 35, sehemu kubwa iliyobaki ni maji, kwa hiyo itakulowanishia kiko zaidi ya kukisafisha. Spiriti ya rangi ya kuwashia majiko usiilete karibu na kitu utakachotia mdomoni, ni sumu. Shilamu ya plastiki haihitaji pombe hata kidogo, pombe hufifisha baadhi ya plastiki na kuzitia nyufa. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo yanatosha. Maji ya kuchemka yanaipinda.

Baba yangu alilima tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa ndani ya bani (banda la kukaushia tumbaku) kwa moshi wa kuni, tofauti na ya mvuke wanayolima Tabora na Urambo. Nilikua na harufu ile kwenye nguo. Huku nikakuta wakulima wa Kentucky nao wanakausha ya kwao kwa moshi wa kuni, na mara ya kwanza nilipofungua mkebe wake nilikaa kwenye ngazi nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia. Kwa hiyo tumbaku hiyo nimeitengea kiko chake peke yake. Gunzi linanywa harufu kama linavyonywa maji. Tumbaku zilizopakwa vanila au cheri zinaacha sukari na manukato ambayo utayakuta kwenye kila utakachovuta baadaye, na hakuna namna ya kuyatoa. Andika kwa penseli chini ya bakuli, herufi moja tu, ujue kipi ni cha nini.

Na tumbaku yenyewe isiwe mbichi. Ile ya kwenye mkebe mara nyingi inakuja na unyevu mwingi. Naitandaza kwenye sahani dakika ishirini au thelathini, mpaka ukiifinya isigandamane. Kisha navuta polepole. Anayevuta haraka anaunguza ulimi, anaunguza gunzi, na anajaza digali maji, yote kwa pamoja.

Kiko kikitunzwa hivi kinadumu miaka. Cha kwangu cha tumbaku ya moshi kina miaka minne. Kikianza kuwa na doa jeusi kwa nje, mahali ambapo ukigusa panachoma wakati wa kuvuta, ukuta umeisha, usijaribu kuuziba. Mimi huchomoa shilamu, naiosha, naikausha na kuihifadhi kwenye mkebe mtupu wa tumbaku. Nyingi zinaingia kwenye gunzi jipya bila hata kuzikwangua.