Mdaiwa si mshtakiwa

Mwanangu Kulwa,

Picha ya samansi uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Unauliza: "Baba, wameniandika mdaiwa wa pili. Ndiyo nimeshtakiwa? Nitafungwa?"

Hapana, mwanangu. Mshtakiwa ni wa jinai: wizi, kupigana, kuvua kwa kokoro. Hii yako ni kesi ya madai. Mtaani mdaiwa ni mtu mwenye deni. Mahakamani ni yule ambaye mwenzake amemfungulia madai, hata kama bado haijathibitika kuwa ana deni, na mwenye kazi ya kuthibitisha ni mdai.

Miaka ile nilipokuwa mzee wa mahakama kwenye Mahakama ya Mwanzo, nikiketi na hakimu kusikiliza kesi, mvuvi mmoja aliambiwa hukumu yake ni Ijumaa. Akaja na shuka na ndala kwenye mfuko wa rambo, mkewe nyuma analia, watoto wameshaagwa. Kwake hukumu ilikuwa kifungo. Hakimu akasoma weee, mwisho akasema hana hatia, aende nyumbani. Yule bwana akabaki kizimbani amekumbatia mfuko wake hadi karani alipomgusa bega. Hukumu ni uamuzi; adhabu humfuata aliyetiwa hatiani tu. Siku alipopangiwa tarehe nilikuwa nimekaa palepale mbele, na sikumweleza. Linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo jema kabisa. Lakini Mahakama ya Mwanzo ilikuwa inaongea Kiswahili tangu zamani, na yule mvuvi alichanganywa na Kiswahili hichohicho.

Neno lililonishtua mimi kwenye karatasi yako ni jingine: mdhamini. Nakujua, ulisaini ukidhani unasema tu kwamba rafiki yako unamfahamu. Kwa sheria ya mikataba, mdhamini amejitwika deni. Mwenzako asipoilipia ile injini ya mtumbwi aliyokopa, mdai anaweza kukugeukia wewe kwa deni zima, isipokuwa kama mkataba wenyewe umeweka kikomo. Utafute huo mkataba leo.

Tarehe usiikose. Usipotokea, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, na hapo utakuwa mdaiwa hata kwa maana ya mtaani. Panda meli kutoka Nansio siku moja kabla, ulale hapa Igoma. Mkataba tutausoma pamoja, kifungu kwa kifungu.

Baba yako